Madoa Meusi ku Maroza ya Marlène

Siku bandugu ya Marlène balikuja kumaliza kilio, balibeba bitu yake yote. Njo desturi, siwalaumu. Manguo, biatu, masafuria, hata kile kitambaa alikuwa anafunga ku kichwa siku ya kazi. Balibakisha tu kitu yenye haiwezi kubebwa: miti sita ya roza mbele ya nyumba. Bwana yake, tata Godefroid, alisimama ku mulango, mikono mu mifuko, akawaambia baende muzuri.

Hakulia. Hata siku ya kuzika hakulia. Na batu ya mutaa yetu ya Dilala, unabajua, balianza kusema ule mutu iko na roho ya jiwe. Mi ni Brigitte, jirani yake, nyumba zetu za kampuni ya zamani zinashikana ukuta, na mutu yenye kuniletea ile maneno nilimufukuza na ufagio. Kweli, na ufagio.

Mi ninauzisha miche ya maua pembeni ya barabara. Baba yangu alikuwa jardinier, mutunza bustani, ku nyumba ya wageni ya kampuni, njo alinifundisha kusoma majani. Tata Godefroid yeye, tangu miaka makumi mbili na mbili, anaendesha mashini kubwa kule Mashamba, ku shimo ya kuchimba shaba. Anaondoka asubui giza ingali, anarudi saa kumi na moja mangaribi, bisi inamushusha pale ku kona. Kisha Marlène kufa hakubadilisha kitu. Anafanya kazi, anakula kama nikimupelekea, analala. Ukimuuliza habari anakuambia "muzuri". Ilikuwa inaniudhi, ile "muzuri" yake.

Miezi mitatu kisha kilio, siku ya mungu moja, yenye haendi kazi, akaniita juu ya ukuta.

"Mama Brigitte, kuja uone. Maroza inakufa."

Aliisema sawa mutu anakuambia umeme imekatika. Nikazunguka, nikaingia. Mama wee! Majani ya chini yote imeanguka, miti imebakia miguu wazi. Yenye ingali juu ina madoa meusi, ya mviringo, pembeni yake imechanika-chanika, na jani lenyewe limegeuka manjano.

"Ikikufa," akasema, "mu hii nyumba hakuna tena kitu ya Marlène."

"Umefanya nini?"

Akanionyesha chupa. Dawa ya badudu, ya kwa Louis ku soko. Ameshapuliza mara tatu.

"Louis! Ule anaweza kukuuzishia dawa ya mapenzi, na utanunua." Nikageuza jani, nikamuonyesha chini yake. "Angalia muzuri. Mududu iko wapi? Utando iko wapi? Jani limetobolewa? Hapana. Hii haina badudu, ni ugonjwa wa majani yenyewe. Inaanza chini, inapanda. Umepiga vita na mutu yenye hayuko."

Hakucheka. Nami nikaanza kufikiri, sababu kitu moja ilikuwa inanisumbua. Ule ugonjwa ni wa mvula. Unapenda jani lenye kulala na maji. Na siye tulikuwa mwezi wa munane, mvula tumeisahau, vumbi ya malori imefunika kila kitu. Ku nyumba ya mama Charlotte, ngambo ya barabara, maroza ilikuwa nyekundu na vumbi mpaka kwenye maua, lakini doa hata moja hakuna.

"Tata Godefroid, hii majani inapata maji wapi?"

"Mi njo ninaosha. Kutoa vumbi. Na mupira ya maji, kila siku."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na moja. Nikishuka mu bisi."

Hapo nikapandisha hasira. "Saa kumi na moja! Na hii baridi ya usiku! Jua inaenda kulala, we unamwangia majani maji, inakesha mu maji mpaka asubui! Na ule mupira unarusha ugonjwa ku jani lingine! Nani alikufundisha ile ujinga?"

"Marlène," akasema.

Nikaenda kuleta mukasi.

Tulifanya kazi ile siku muzima. Nilikata matawi yenye kusongana, upepo upite katikati. Kila mara nilipangusa mukasi na pombe kali, nisibebe ugonjwa kutoka muti moja mpaka ingine. Yeye alitoa majani yenye madoa, moja moja, akaokota na yenye kuanguka chini, tukachoma yote mu pipa. Kisha nikaleta dawa yangu ya shaba. Ile shaba inatoka hapa kwetu mu malori makubwa makubwa, inaturudia mu kapaketi kadogo ka buluu, na tunasema aksanti. Nikachanganya kidogo tu, sababu ikizidi inaunguza majani, nikapuliza.

"Utapuliza tena ile dawa kisha siku kumi," nikamuambia. "Maji utamwanga asubui, chini, ku mizizi. Majani usiiguse tena na mupira."

Mpaka pale alikuwa anakubali yote. Sasa akatingisha kichwa.

"Kukata, sawa. Kuchoma, sawa. Lakini ile saa kumi na moja siiachi. Njo saa yake. Miaka makumi mbili na mbili nikishuka ku kona ninamukuta hapa mbele ya maua, na ndoo. Kila siku, bila kukosa. Mi nifanye nini ingine ile saa? Niingie mule ndani?"

"Basi maroza itakufa."

"Siiachi."

Nilimuangalia. Nilikuwa nimechoka, mikono inanuka moshi, na nilikuwa nimeapia Marlène kufunga kinywa. Aliniapisha akicheka: usimuambie, atajiona. Marlène, unisamehe.

"Tata Godefroid, sikia. Marlène alikuwa anaosha asubui. We ukishaenda, jua ikianza kupanda, anachukua kitambaa cha maji, anapangusa jani moja moja, inakauka palepale. Saa kumi na moja alikuwa haoshe kitu."

"Nilimuona na macho yangu. Na ndoo."

"Ndoo ilikuwa bila maji. Hata tone. Tangu ile mwaka ya kwanza, siku bisi yenu ilichelewa mpaka usiku na woga ikamushika, alikuwa hawezi tena kukungojea ndani. Anatoka, anajifanya anatunza maua, anaangalia kona. Alikuwa anakungojea we."

Akageuka, akaangalia kona.

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata na homa."

Akakaa chini, pale pale mu udongo, katikati ya matawi tuliyokata. Midomo ikaanza kutetemeka, kisha mabega, kisha mutu muzima, na ile sauti ilitoka mu tumbo, batu bakasimama ku barabara kuangalia. Mi pia nililia, siwafichi.

"Mama Brigitte," akasema, "nilikuwa ninamupita. Ninaweka sakoshi yangu ya kazi, ninamuambia, we Marlène, unapenda maua kupita mi. Kila siku ninamuambia. Na yeye alikuwa anacheka tu."