Yai la Rajabu

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa dukani, nyumbani kwetu Kyebando yai lilikuwa la kuangua au la kuuza. Bibi, mama yake Baba, aliyetoka Arua kuja kukaa nasi, hakuwa amewahi kulitia kinywani tangu azaliwe, maana kwao mwanamke hali yai. Na mtoto akila, alisema, atakuwa mwizi. Baba naye alikuwa polisi! Hebu fikiria, askari mzima anatoka kazini, anakuta mwizi anayesakwa na mtaa ni mwanawe. Mama alikuwa Mkenya, mayai ameyala tangu utoto, lakini hakutaka ugomvi na mama mkwe.

Mdogo wangu Rajabu alikuwa ameanza tu kutembea Mama aliposhika mimba nyingine. Bibi alipojua, akataka aachishwe ziwa siku ileile.

"Huyu ya tumboni atakula huyu ya mgongoni," alimwonya Mama. "Mimi nimeona hii mambo huko kwetu."

Basi Rajabu akahamia kwenye matoke, zile ndizi za kupika, mihogo na chai ya rangi. Alikuwa anashiba, tena vizuri. Baada ya muda mashavu yakajaa, miguu ikajaa, na majirani wakaanza kumsifu Mama: "Mtoto amenona, jamani! Unampa nini?" Mama alicheka kwa furaha, nami nikawa nambeba kwa maringo.

Lakini kucheza aliacha. Alikaa mlangoni kimya, kuku wakidonoa chakula chake, naye hata hawafukuzi. Nywele zikageuka rangi ya kutu. Siku moja Bibi alimbonyeza mguu kwa kidole gumba, na shimo likabaki palepale.

"Hapana mafuta hii," akasema. "Hii ni maji. Si nilisema?"

Nikaliogopa tumbo la Mama. Nilimchukia sana yule mtoto wa ndani, nikakataa hata kulala karibu na Mama.

Baba hakubishana na mtu. Alimfunga Rajabu kwenye shuka, akapanda naye boda mpaka hospitali. Walimlaza, wakampa maziwa maalumu kidogo kidogo. Uvimbe ulipotoka ndipo tulipomwona mtoto mwenyewe: mifupa mitupu. Mama alilia mpaka akakaa chini.

Nesi aliwaeleza Mama na Bibi kwa upole. Ndizi na mihogo vinampa mtoto nguvu ya kutembea, akasema, ila nyama ya mwili haijengwi navyo. Mwili ukikosa cha kujengea, unaanza kujila wenyewe, na damu nayo inashindwa kuyashika maji yake, ndiyo hayo yaliyojaa miguuni. Tukirudi nyumbani apewe maharage, karanga, mukene wale dagaa wa ziwani, na mayai.

Asubuhi baada ya kurudi, Mama alichemsha yai, likakaa mezani. Mama alimwangalia Baba, Baba akaangalia ukuta. Bibi ndiye aliyenyanyuka. Akalimenya, akalipondaponda ndani ya uji.

"Fumba macho, baba yangu," akamwambia Rajabu. "Mkono ni yangu. Kama kuna wizi, ikuje kwangu."

Rajabu alimeza, akaachama tena. Bibi alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka.

Kwa miaka mingi nilimcheka Bibi. Sasa nina watoto wangu, na sicheki tena. Alichokiona kilikuwa kweli: mimba ya pili ilikuwa inawaua wale wa mgongoni. Ila aliyeko tumboni hakumla mtu. Maziwa yaliondolewa, na mahali pake hapakuwekwa kitu. Amezika watoto wangapi huko kwao mpaka akalijua lile shimo la kidole? Sijawahi kuthubutu kumuuliza.

Mwaka huu Bibi amekonda, ngozi ya mikono inaning'inia, chakula anakisukuma. Nesi wa siku hizi naye kasema yaleyale: apate vya kujenga mwili, hata yai. Bibi akageukia ukutani. "Mimi mwanamke," akasema.

Jumapili Rajabu alikuja. Anauza vipuri Kisenyi, na hajawahi kuiba hata spana. Neema, yule wa tumboni niliyemchukia, ndiye aliyepika uji. Rajabu alimenya yai, akaliponda humo, akakaa kitandani kwa Bibi.

"Fumba macho, Bibi," akasema. "Mkono ni wangu. Kama kuna wizi, uje kwangu."

Bibi alimtazama. Kisha akafumba macho, akafungua kinywa.