Mifuko Thelathini ya Laisini

Habari za kifo chake nilizipata Jumanne, nikiwa kwenye foleni ya kulipia maji. Aliyenipa ni jirani yake wa zamani, ambaye kwanza alilalamikia bili yake mpaka akaimaliza, ndipo akasema, "Yule bwana wa forodha wa stesheni naye katutoka. Wanazika kesho Hombolo." Nilimpa pole, naye akanipa pole, foleni ikasogea. Marehemu hakuwa ndugu yangu wala rafiki yangu. Tulikuwa watu wa kusalimiana, na hapa Dodoma salamu inaweza kudumu miaka thelathini bila mmoja kuijua nyumba ya mwenzake. Hata hivyo nilikwenda kuzika, kwa sababu niliwahi kuliharibu jina lake katika safu hii hii, nikamwahidi kulisafisha, na sikulisafisha. Wasomaji wangu wa leo wengi hawakuwa wamezaliwa, kwa hiyo itabidi nisimulie.

Miaka ile soko huria lilipofunguliwa, kila mwenye shati la mikono mirefu aligeuka kuwa mwagizaji. Watu waliokuwa hawajawahi kuagiza hata kilo ya sukari walishika karatasi za meli, wakazikunja na kuzitia mfukoni mwa shati ili kila mtu azione. Mizigo ilipanda treni kutoka bandarini mpaka kwetu, ikaingia ghala moja dogo pale stesheni, na ndani ya ghala alikaa yeye na kitabu cha ushuru alichokifunika kwa gazeti kuukuu. Kitabu hicho kilipanga vitu vyote vya dunia kwa sura, kuanzia ng'ombe wazima hadi sanamu za kale, na kazi yake ilikuwa kuamua kitu chako kiko sura ipi. Alikuwa na swali moja tu. "Hiki ni nini?" Nilikuwapo siku mchungaji mmoja alipokuja kuchukua kinanda cha umeme. Mchungaji akajibu kwamba ni chombo cha kumsifia Bwana. "Baba mchungaji, sijauliza kitafanya nini," akasema yule afisa, "nimeuliza ni nini." Mchungaji akafikiri, akajibu kuwa ni kinanda. "Ahsante," akasema, akafungua sura ya vinanda. Kisha akalifungua sanduku lenyewe, maana hakuamini karatasi mpaka aone mzigo kwa macho. Nasisitiza hilo kwa sababu mara moja tu hakufanya hivyo, na mara hiyo ndiyo ninayoisimulia.

Wakati huo mshahara wa mtumishi ulikuwa unaisha kabla ya mwezi kujua umeanza, kwa hiyo kota zote zilijaa kuku wa mayai. Mimi nilikuwa nao themanini. Chakula tulinunua Kizota, kwa mama mmoja mkunga aliyepunguzwa kazini, akachukua kiinua mgongo chake chote akanunua mashine ya kuchanganya chakula cha mifugo. Mwenyewe alifuga mia nne. Kwetu huku mashudu ya alizeti yapo tele, lakini bwana mifugo alitueleza kwamba mashudu hayo yana upungufu wa laisini, moja ya zile asidi amino zinazojenga mwili, na kuku akiikosa anapunguza mayai, na machache anayotaga yanakuwa kama ya njiwa. Zamani pengo lilizibwa na dagaa wa Ziwa, ila dagaa nao walikuwa wamepanda bei wakatushinda. Basi mama yule akaagiza laisini yenyewe kutoka nje, mifuko thelathini. Siku ilipofika stesheni alivaa kitenge kipya.

Yule bwana alisoma karatasi. Imeandikwa laisini. Akafungua kitabu, akakuta asidi amino iko sura ya kemikali, na kemikali haitoki bila kibali kutoka Dar es Salaam. Mama akamwambia ni chakula cha kuku, kwani hata wakala wake aliandika hivyo pembeni. Akajibiwa kwamba pembeni si mahali pa kuandika mzigo ni nini. Akaomba angalau mfuko mmoja ufunguliwe, lakini mtu wa ghala akaonya kwamba unga ule ukipata unyevu unaharibika, na afisa, kwa huruma ya kutomharibia mtu mali, akaacha. Barua ya kuomba kibali ikaondoka. Kila asubuhi mama alikuwa mlangoni pa ghala. "Mwanangu," alimwambia, "kuku wangu hawajui mambo ya sura." Naye akasimama, maana alikuwa na adabu, akasema, "Nakuelewa mama. Shikamoo." Siku zikapita ishirini na kitu. Mayai yalipungua Kizota, yakapungua kotani kwangu, na kuku wakaanza kudonoana.

Mimi nilikasirika. Mtu mwenye hasira na safu ya gazeti ni hatari kuliko mtu mwenye hasira na rungu, kwa sababu mwenye rungu hulazimika kukusogelea. Sikwenda ghalani kuuliza. Niliketi barazani kwangu nikaandika juu ya afisa fulani anayesubiri laisini iote mizizi, nikamaliza kwa kusema kwamba huenda kinachokosekana ni chai tu, na kila msomaji alijua chai ya ofisini inanywewa mfukoni. Jina sikulitaja. Sisi wa safu hatutaji majina, tunaita uungwana. Ila ghala la forodha stesheni lilikuwa moja na afisa wake mmoja, kwa hiyo uungwana wangu haukumsaidia kitu. Watu walicheka sana. Sokoni wakasema lisemwalo lipo. Nilipongezwa na watu ambao kwa kawaida hawanipongezi, na nakiri nilifurahi.

Wiki iliyofuata nilikuwa Kizota kuchukua pumba, jua la saa saba, nikamwona yule bwana anaingia uani kwa miguu, amevaa sare, ameshika bahasha. Alimwamkia mama. Hakutaka kukaa. Akatoa barua akaisoma kwa sauti, kama mtu anayesoma hati ya mashtaka yake mwenyewe. Ilisema kwamba Dar es Salaam walimuuliza unga huo una rangi gani, naye hakuwa na jibu, ndipo akafungua mfuko. Alitegemea chembe nyeupe safi. Akakuta chenga za kahawia zinazonuka kama togwa iliyolala. Akarudi kwenye maelezo ya kitabu chake, akaona kwamba laisini safi ni kemikali, ila ikija pamoja na mabaki ya kile kilichochachushwa kuitengeneza, basi ni chakula cha mifugo, na haihitaji kibali kile. Barua ikaishia hivi: "Uamuzi wangu wa kwanza haukuwa sahihi. Kosa ni la kwangu, si la kitabu wala la mwenye mzigo."

"Kuku mia mbili nimeshawauza kwa wachoma nyama," akasema mama.

"Nimesikia, mama. Ndiyo maana sikumtuma mtu."

"Waliobaki mia mbili bado wanakula." Akamvutia kigoda. "Kaa unywe maji, halafu uniletee mifuko yangu." Akakaa, akanywa, akauliza kama lori linaweza kuingia uani. Jioni mifuko ilifika. Nakala ya barua aliibandika mwenyewe kwenye ubao wa ghala, ikakaa pale mpaka jua likafuta wino. Katika utumishi wangu wote na uandishi wangu wote sijaona tena afisa anayebandika kosa lake ukutani.

Alipotoka uani nilimfuata, nikamwambia amefanya vizuri. Akanitazama. "Makala yako nimeisoma," akasema. "Ile ya kuchelewesha ni kweli, iache. Ile ya chai si kweli." Nikaona aibu, nikamwambia wiki ijayo nitasahihisha. Akasema ahsante. Wiki hiyo ilipofika kukawa na kikao cha Bunge, watu wanataka habari za Bunge. Iliyofuata nikaona jambo lenyewe limeshapoa, kulifukua ni kulikumbusha. Ndivyo nilivyojidanganya. Yeye hakunikumbusha hata mara moja. Tulipokutana aliniuliza habari za kuku, na aliendelea kuniuliza hata nilipokuwa nimeacha kufuga.

Juzi Hombolo, baada ya mazishi, mjane wake aliniketisha karibu na mizabibu yao akanieleza bila ukali nisichokuwa nakijua. Mwaka ule jina la mumewe lilikuwa limependekezwa kuwa mzee wa kanisa. Gazeti lilipotoka, jina hilo likawekwa kando ili uvumi utulie. Halikurudishwa tena. Alisali kanisa lile lile mpaka mwisho, kiti cha nyuma, na hakuwahi kumweleza mtu kwamba aliyeandika alimwahidi kusahihisha. Niliposikia hivyo nilitamani ardhi inimeze, na sioni haya kusema nililia, mzee mzima mbele ya watu.

Basi nasahihisha. Afisa yule hakuomba chai, hakudokeza chai, na hakuna aliyeniambia kwamba aliomba. Nilitunga, kwa hasira ya mayai. Yeye kosa lake alilitembelea kwa miguu ndani ya mwezi, wakati kuku mia mbili walikuwa bado hai. La kwangu nimelifikisha yeye akiwa kaburini. Nilichojifunza ni kwamba sahihisho lina mtu anayelingoja, na mtu huyo hazuiwi kufa kwa sababu wewe una shughuli. Mjane ameniomba nimpelekee magazeti mawili ya leo. Moja ni la kwake. La pili atalipeleka mwenyewe Jumapili kwa wazee wa kanisa.