Binti wa Lodi katika Nyumba ya Berea

Nilipoacha kazi ya saluni kule mtaa wa Albert Park, nilipata kazi katika nyumba ya wageni huko mtaa wa Berea. Mwenye nyumba, mjane mzee wa Kizungu, alinikaribisha chai, kisha akanieleza mapema nisije nikashtuka: ghorofani anatembea mwanamke aliyefariki zamani.

"Alikuwa binti wa lodi, bwana wa ukoo mkubwa Uingereza," alisema. "Baba yake alimchagulia mume mwenye mashamba. Yeye akampenda mtunza farasi wao. Wakatoroka kwa meli, wakajenga hapa."

Ukoo wake ulimkana. Huku alijifunza kufua, kuoka mikate na kusema Kizulu. Mumewe alipotangulia, kila alasiri alivaa gauni la hariri, akateremka kunywa chai mbele ya kiti kitupu. Wanasema hajaacha. Wageni wengine huomba chumba alichokuwa akilala, ili wasikie gauni likichakacha ngazini.

Nilimsimulia rafiki yangu, mwanamke Mrundi tunayesali naye kanisa moja. Jumamosi akaja na chupa ya mafuta ya upako.

"Yaya, haufai kufanya kazi kwa nyumba iko na pepo," aliniambia, akiniita dada kwa lugha ya kwao.

Tukapanda. Ndiyo kwanza ameanza kukemea, tukasikia nguo ikiburuzwa chumbani. Mlango ukasukumwa, kikatoka kitu cheupe. Rafiki yangu alifika chini kabla yangu, kiatu kimoja kimebaki juu. Kile kitu kikatufuata kwa kuteleza kwenye mbao za ngazi: tumbili, amejitanda kitambaa cha meza, ndizi mkononi. Mjane alicheka mpaka akashika ukuta.

Tulipotulia, rafiki yangu alitaka habari za yule marehemu tangu mwanzo. Yeye mwenyewe alitoroka kwao Bujumbura na fundi seremala, baada ya baba yake kumkataa mchumba huyo.

"Huyu si wa kufukuzwa," alisema mwishowe. Akapanda tena taratibu, akasimama mlangoni. "Amahoro, mama," akamsalimu kwa amani kwa Kirundi, kisha akaokota kiatu chake.

Mjane alimpenda, akampa kazi ya kupiga pasi. Sasa hufanyia kazi yake chumba kile kile, huku akiimba tenzi za Kirundi.

Juzi mgeni mmoja alishuka uso ukimng'aa. Ati amemsikia binti wa lodi akiimba.

"Aliimba nini?" mjane akamuuliza.

"Sikuelewa maneno," akajibu. "Nadhani ni Kiingereza cha kale."

Mjane akanitazama, akammiminia chai.