Dodoki Lililofuta Ramani

Si kweli kwamba mgonjwa alirudishwa nyumbani kwa sababu madaktari walimkatia tamaa. Maneno hayo yalianzia kwa jirani wa nyuma, ambaye ulimi wake hauna mfupa wala likizo. Mwenye kosa ni Mwalimu, mjane wa mkaguzi wa shule, aliyefundisha jiografia miaka thelathini na mmoja na kujisifia ramani zake miaka yote hiyo.

Mgonjwa ni mdogo wake, mwenye uvimbe kwenye pafu. Siku ya picha Mwalimu alimsindikiza, akaketi mbele ya kompyuta kama aliyekuja kukagua. Daktari wa mionzi alimwonyesha picha mia na ishirini za kifua, kimekatwa vipande vyembamba kama mkate, na katika kila kipande alikuwa akiuzungushia uvimbe mstari.

"Umetoka nje ya mpaka, mwanangu," Mwalimu alisema, kidole kikigusa kioo.

"Ni makusudi, mama. Mgonjwa akipumua, uvimbe unasogea. Nikibana mstari, mionzi itaukosa. Nikiuachia sana, itaunguza moyo."

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kana kwamba anampa saba kwa kumi. Fundi wa mashine alipoanza kueleza habari za alama tatu za wino, mfano wa alama ya kujumlisha, alizomchora mgonjwa kifuani na ubavuni, Mwalimu alimkatiza: "Tumeelewa."

Hakuelewa kitu.

Matibabu yalipangwa kuanza Jumatatu. Jumapili wakwe wa mgonjwa walikuwa waje kumjulia hali, na asubuhi hiyo alama moja ilikuwa inachungulia juu ya ukosi wa gauni.

"Dada, wamesema nisi—"

"Nyamaza. Shemeji yako, Mungu amrehemu, hakuacha familia ya watu waliochorwachorwa kama ukuta wa choo cha shule."

Akamsugua alama zote tatu kwa dodoki na sabuni mpaka ngozi ikang'aa. Akajipongeza.

Jumatatu fundi alimlaza mgonjwa kwenye mashine, akamtazama, akamtazama tena. "Alama ziko wapi?"

"Nimezitoa," Mwalimu alisema. "Zilikuwa chafu."

Daktari aliitwa. Hakufoka, na afadhali angefoka. "Mama, mstari wangu uko kwenye picha. Zile alama ndizo zinazoiambia mashine picha hiyo inakaa wapi juu ya mwili. Si wewe uliniambia umefundisha ramani?"

Mwalimu akamgeukia mgonjwa, kisha daktari. "Nimemuua mdogo wangu?"

"Umempotezea siku nane. Mrudishe nyumbani, tutapiga picha upya. Omba uvimbe usiwe umeifikia njia ya hewa, maana hapo mpango wote utabadilika."

Siku nane hizo Mwalimu hakusahihisha sarufi ya mtu yeyote. Picha mpya zilipotoka, uvimbe ulikuwa palepale, njia ya hewa i salama. Daktari akauzungushia mstari mwingine, na safari hii hakuna kidole kilichogusa kioo. Fundi alipotoka na kalamu yake ya wino, alimkuta Mwalimu kwenye benchi la nje, daftari limefunguliwa mapajani.

"Nieleze tangu mwanzo, baba," alisema. "Naandika."

Mgonjwa sasa anapigwa mionzi, na anaoga akiwa ametia komeo mlangoni. Hospitalini Mwalimu anaitwa Mama Dodoki, na anaitika.

Basi. Jirani wa nyuma akitaka kujua zaidi, hatajua. Mwalimu hasemi.