Nukta Saba Kwenye Vanila Yangu

Mwizi wa vanila hukata akakimbia. Sijawahi kusikia mwizi anayeingia bustanini, akaacha kila kitu, akaondoka.

Ndiyo maana asubuhi ile nilisimama nyuma ya nyumba yangu na mswaki mdomoni, nisijue nilalamike nini.

Matunda yote yalikuwepo, mashada kwa mashada. Ila kila moja lilikuwa limetobolewa kwa pini. Nukta saba, zimepangwa duara.

Alama ya Velonjara.

Huku kwetu, upande wa Antalaha, vanila ni kama ng'ombe: ina chapa. Unachomeka pini kwenye kizibo cha chupa, unalitoboa tunda likiwa bado kijani, na kovu linabaki hata likikaushwa likawa jeusi. Mwenye alama ndiye mwenye mali. Njaa ikikubana ukauza yakiwa bado maua, mnunuzi anakuja kutoboa alama yake mapema, matunda yakiwa saizi ya kidole cha mtoto. Hakuna karatasi. Alama ndiyo hati.

Na mimi sikumuuzia Velonjara hata ua moja.

Mnunuzi huyo nimepambana naye kwenye kila baraza kwa miaka kumi na tano. Nakumbuka mizani yake ya kupunja, mwaka wa kimbunga. Nakumbuka siku aliyofunga njia ya maji, na koti alilovaa. Kusoma nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia samaki, kwa sababu ya watu kama yeye.

"Kalo," nikamwita mke wangu. "Nani kaingia huku nyuma?"

"Si wewe ndiye unayejua kila kitu cha kijiji hiki? Mimi jana nilishinda kwenye mpunga."

"Na mbwa hakubweka?"

"Mbwa huyo hapo. Muulize."

Akalisogelea shada, akaona. Utani ukamwisha. Akakaa chini pale pale kwenye majani.

Maua yale tuliyachavusha sisi wawili, moja moja. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu; usipolichavusha kwa mkono na ncha ya mwiba kabla jua halijawa kali, limekwisha. Miezi yote ile mgongo umepinda. Mavuno hayo ndiyo yalikuwa mchele wetu mpaka mwaka unaofuata. Na alama yangu nilikuwa sijaitoboa, maana Aprili nzima nilikuwa mikutanoni nikitetea mali za watu.

Tukaitana barazani. Velonjara akaja na kiti chake mwenyewe.

"Aliniuzia Desemba, yakiwa maua," akasema taratibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Alama si mnaiona?"

"Anadanganya," nikasimama. Nikainua tunda. "Zitazameni hizi nukta. Tunda likitobolewa changa, alama inatanuka kadiri linavyokua. Hizi zimebanana kama meno ya panya. Zimetobolewa wiki hii."

Nikajua nimemfunga bao.

Mzee Lezoma, mwenyekiti wetu, akalichukua tunda, akaligeuza geuza.

"Jaofeno, mwanangu. Maneno haya, mara ya mwisho aliyasema nani hapa?"

"Sikumbuki, mzee."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kizuri.

"Hukumbuki?" mama mmoja akadakia kutoka nyuma. "Wewe? Unayekumbuka mpaka makoti ya watu?"

Ndipo ikanirudia, na ilikuja nzima nzima.

Tombozafy. Miaka tisa nyuma alisimama pale pale, tunda mkononi, anasema nukta zimebanana. Alama ilikuwa hii hii ya Velonjara. Lakini mwaka ule watu walikuwa wanauza mavuno mara mbili, kwa huyu na kwa yule, na mimi nilikuwa nimetoka kupitisha sheria yangu ya kwanza kijijini: alama ndiyo shahidi wa mwisho. Sikutaka ipasuke mbele ya macho yangu ikiwa bado mbichi.

Nikamjibu mbele ya kijiji kizima: "Ndugu yangu, alama haina umri. Alama ni alama."

Wakanipigia makofi. Tombozafy akapoteza mavuno, akaenda kubeba magunia bandarini, na kifua kikamuulia huko.

"Sheria ni ile ile," Mzee Lezoma akasema. "Uliitunga wewe. Sisi tulinyoosha mikono tu. Labda uniletee alama nyingine ya kuipinga hii kabla ya Jumatatu."

Mwenye alama ya hivyo nilimjua mmoja. Soazara, mjane wa Tombozafy. Ilisemekana anayo matunda machache ya mwaka ule, kayafungia kwenye kopo. Yakiwekwa pembeni ya yangu, kila mwenye macho angeona: mkono ule ule, hila ile ile.

Nilimkuta uani anatwanga kisamvu.

"Karibu, shemeji," akasema. Akanipa kikombe cha maji yaliyochemshwa kwenye ukoko wa wali, ya moto.

"Soazara, nimekuja kuomba radhi."

"Ya lipi? Litaje."

Nikalitaja. Lote. Yeye anatwanga tu.

"Na kopo pia umelijia."

"Na kopo."

Akaweka mchi pembeni, akaninyooshea mikono. Vidole vilikuwa vimebabuka, vyekundu mpaka kwenye kucha. Utomvu wa vanila mbichi unaunguza. Kila mtu huku anaijua mikono ya namna ile.

"Velonjara hatoboi mwenyewe, shemeji. Anatafuta watu. Juzi ile ulikuwa kwenye mkutano wa kujadili wezi. Sauti yako naisikia kabisa, mimi niko kwenye bustani yako natoboa. Mbwa wako ananijua, huwa namtupia ukoko nikipita kwenda mtoni."

Nikakishusha kikombe kabla hakijafika mdomoni.

"Alikupa nini?"

"Mchele wa mwezi. Ningefanya hata bure."

"Soazara, yule ndiye aliyemmaliza mumeo."

"Yule alichukua vanila. Aliyemnyamazisha ni wewe." Hakupandisha sauti. "Na nikwambie jambo. Kizibo alichonipa kilikuwa na pini za mbali mbali, ili alama ionekane ya zamani. Nilizing'oa, nikazichomeka karibu karibu. Nilitaka uwe na ukweli wako mkononi, unaonekana kabisa, kama alivyokuwa nao mume wangu. Halafu usimame nao pale."

Akaushika mchi tena.

"Kunywa. Yatapoa."

Kopo sikupewa, na sikuliomba mara ya pili.

Ningeweza kumtaja barazani. Nimtaje kwa nani? Shahidi wa mwisho ni alama, na maneno ya mjane si alama.

Jumatatu vijana wa Velonjara walikuja kuchuma. Walichuma kwa heshima, hawakuvunja hata tawi. Kalo alijifungia ndani. Mwaka huu tunakula muhogo.

Velonjara ni mwizi, nitalisema mpaka nizikwe. Lakini nyinyi wenye midomo kama mimi, mnaopenda kutungia wenzenu sheria, chukueni hili: sheria ya kumziba mtu mdomo haina jicho la kumtambua aliyeitunga.

Na yale makofi, nilipigiwa siku moja tu.