Kutu ya Majani na Chulebuni

Harufu ya matunda ya kahawa yaliyolowa mvua hunikosesha raha hadi leo. Ikinifikia, namwona Bibi, mama yake baba, katika shamba lake la mteremkoni kule Mbinga, miaka ile ya vijiji vya ujamaa. Shangazi zangu waliokuwa Lituhi, ziwani, walimwita kila mwaka akaishi nao. "Kahawa yangu ikizaa, sihami," aliwajibu, na hakuwa anatania.

Ugonjwa wa kahawa tulioujua sisi ulikuwa kutu ya majani, unga wa rangi ya chungwa chini ya jani. Niliwahi kujipaka mashavuni nikajiona bibi harusi, nikachapwa. Kutu hupukutisha majani, lakini mti ukipigwa dawa ya mrututu na kupaliliwa, mwakani huchipua.

Mwaka mmoja matunda mabichi ya shambani kwetu yaliota madoa meusi, yakanyauka yangali mtini. Baba akageuza majani, hakuona unga, akafurahi. "Kutu hakuna. Hayo yamewahi tu kukauka, yatakuwa buni." Buni ni matunda yaliyokaukia mtini, nayo hayatupwi. Basi nikayachuma mvuani nikiyatia katika tenga, kisha na tenga lile lile nikaenda kwa Bibi kumsaidia kuondoa maotea, yale machipukizi yasiyotakiwa, nikilitundika mti hadi mti. Nilijiona mjukuu mwema kweli kweli.

Wiki chache baadaye madoa yakaonekana kwa Bibi. Bwana shamba, kijana aliyeletwa kutoka Tanga, akaja akapasua tunda moja.

"Shikamoo, Bibi. Hii si kutu, ni chulebuni. Kutu hukaa kwenye jani. Hii inakula tunda lenyewe, na haya meusi ndiyo yanayoieneza."

"Marahaba, mwanangu. Na dawa?"

"Ghalani imekwisha, Bibi."

Bibi akatazama shamba la jirani yake, mama mmoja waliyeazimana naye chumvi miaka yote. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Tangu siku ile hakumsalimia tena.

Mwaka uliofuata hakuvuna hata debe moja. Akang'oa miti yote, akateremka Lituhi, akafa huko akiamini amerogwa.

Nilielewa ukubwani, katika semina ya wakulima, tulipoambiwa kwamba chulebuni husafiri kwa mikono na matenga yaliyolowa. Nikalikumbuka tenga nililotoka nalo kwetu kwenda kwa Bibi. Bibi alikuwa amekufa, na yule mama jirani pia. Wenzangu waliandika kwenye madaftari yao. Mimi sikuwa na wa kumwomba radhi.