Sweta la Bibi Antena

Fundi alikuwa mwanamke wa kucheka. Hilo lisemwe mapema, maana ukimwona leo na ule uso wake ulivyokunjamana utadhani alizaliwa na ndimu mdomoni. Alikuwa mshonaji wa mavazi katika kituo cha televisheni, kwenye chumba cha chini karibu na choo cha wanaume, penye cherehani mbili, pasi moja na dirisha lisilofunguka. Miaka kumi na mmoja alishona humo mashati ya baba wa kuigiza, magauni ya shangazi wa kuigiza, na sare za watoto wa kuigiza ambao kila msimu walirefuka wakamlazimisha kufumua mapindo. Kipindi chenyewe kiliitwa Sebule ya Mzee Kelele. Kila Jumapili saa kumi na moja jioni familia moja yenye kochi moja iligombana, ikafichana mambo, ikafumaniana, kisha ikapatana, yote ndani ya nusu saa. Fundi hakuamini hata siku moja kwamba kuna familia inayopatana ndani ya nusu saa, lakini alicheka.

Na akicheka, jamani! Kicheko kilianzia puani, kikashuka tumboni, kikapanda tena na mluzi wa ajabu mwishoni. Watazamaji walioalikwa ukumbini siku za kurekodi walikuwa wakikaa wamejibana kama watu walio kwenye foleni ya sindano, hawajui kama kucheka kunaruhusiwa. Basi mwongozaji akamwambia Fundi akae nyuma ya pazia la jukwaa na pini zake. Utani ukidondoka yeye anaanza, na ukumbi mzima unamfuata. Wenyewe waliita kazi hiyo kufungua mlango. Fundi asipofungua mlango, ukumbi ulikaa nje.

Mwandishi wa kipindi alikuwa mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao. Fundi ndiye aliyempeleka kituoni, akamsimamisha mbele ya mkurugenzi na kusema, "Huyu mdogo wangu ana maneno." Maneno alikuwa nayo kweli. Tangu utotoni aliigiza majirani mpaka watu wakashika mbavu, na kila alipovuka mpaka, mama yao alisema, "Mwacheni, mtoto huyo." Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mtoto huyo sasa alikuwa na miaka thelathini na minne na kitambi.

Mama aliishi na Fundi katika vyumba viwili juu ya duka la rangi. Alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini, na mpaka uzeeni hakuweza kuona kamba ya kiatu imefunguka bila kuisemea. Kila jioni saa moja msomaji wa habari aliposema kwenye televisheni, "Mtazamaji, habari za jioni," Mama aliitikia kwa sauti kamili, "Nzuri, baba. Za huko?" Wala si kwamba akili zilikuwa zimemruka. Siku moja Fundi alimuuliza, naye akamtazama kwa lile jicho la kumtazama mtoto aliyeandika herufi kinyume.

"Najua hanisikii," alisema. "Lakini mtu kanisalimu nyumbani kwangu, ninyamaze? Yeye hanisikii, mimi najisikia."

Desturi hiyo ilianza baba yao alipofariki na nyumba ikapungukiwa na mtu wa kusalimiana naye. Fundi hakuuliza tena. Saa ya habari Mama alivaa sweta lake la kijani, lenye vifungo vitano, vinne vyeusi na kimoja cha kahawia kilichotoka kwenye koti la marehemu. Fundi alikishona mwenyewe, kwa uzi wa kukunja mara mbili.

Sweta likapotea.

Mama alilitafuta kabatini, chini ya godoro, hata ndani ya ndoo ya nguo chafu. Mdogo mtu akaja kuwasalimia siku ile ile, akacheka. "Mama na wewe! Umeliweka mahali ukasahau. Ndio umri huo." Naye Fundi, ambaye alikuwa amelala chali kwa maumivu ya mgongo wiki nzima bila kwenda kazini, akadakia kutoka kitandani, "Litaonekana tu, Mama. Umesahau ulipoliweka." Maneno hayo yanamchoma mpaka leo. Mama aliacha kulalamika. Akaanza kuandika vikaratasi na kuvibandika ukutani: miwani, juu ya redio; funguo, kikombe cha bluu; dawa, droo ya pili. Mwalimu wa miaka thelathini alikuwa akijiandikia somo kama mwanafunzi mzito.

Jumapili mbili baadaye walikaa wote wawili kutazama kipindi, kama kawaida. Fundi, mgongo bado unamsumbua, alikuwa amenyoosha miguu kwenye stuli. Mlango wa sebule ya Mzee Kelele ukafunguka, akaingia bibi ambaye hakuwahi kuonekana kabla, akikokota miguu. Alivaa sweta la kijani. Kamera ilipomsogelea, Fundi akaona kifungo cha kahawia.

Kwenye sebule ile ya kuigiza kulikuwa na televisheni ya kuigiza, na ndani yake msomaji wa habari akasema, "Mtazamaji, habari za jioni." Yule bibi akaruka kitini. "Nzuri, baba! Za huko? Umekula?" Akachukua sahani, akaipeleka mpaka kwenye kioo, akaanza kumlisha msomaji wa habari kwa kijiko huku mchuzi ukichuruzika. Mzee Kelele akapiga mayowe, "Jamani, njooni mumtoe Bibi Antena!" Na hapo ndipo kikasikika kicheko. Kilianzia puani, kikashuka tumboni, kikapanda tena na mluzi.

Mama alitazama mpaka nusu saa ikaisha na familia ikapatana.

"Kwa hiyo sikusahau," alisema.

"Mama..."

"Na wewe ulikuwepo. Nimekusikia."

"Sikuwepo! Haki ya Mungu sikuwepo. Nilikuwa hapa hapa na mgongo, wewe mwenyewe ulinikanda!"

"Nimekusikia, mwanangu. Kicheko chako nakijua tangu huna meno."

Saa moja msomaji wa habari, yule wa kweli, akatoa salamu yake. Mama alikuwa akibandua vikaratasi ukutani, kimoja kimoja, na hakuitikia. Jumatatu hakuitikia. Jumatano alishuka kununua mkate, watoto wa mtaani wakamwona, wakapaza sauti, "Bibi Antena! Habari za jionii!" kisha wakatimua mbio. Ilikuwa saa nne asubuhi. Tangu siku hiyo mkate ukawa unanunuliwa na Fundi.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na safari hii kilikuwa kimeondoka na nguo yenyewe. Fundi alirudi kazini Alhamisi, mgongo umenyooka kwa hasira, akapanda moja kwa moja ghorofa ya pili kwa mdogo wake. Hakugonga.

"Ulimwibia Mama sweta."

"Nililiazima, Dada. Keti basi."

"Mwizi akiwa kitinda mimba anaitwa mwazimaji? Na ulichagua wiki ambayo mimi nimelala."

Mdogo mtu akacheka kidogo, kile kicheko cha kupima maji. "Dada, ni utani tu. Ni mapenzi yale. Watu wamempenda Bibi Antena, mkurugenzi anamtaka kila wiki! Kesho tunarekodi tena. Mwandishi anachota kwao, sasa mimi nikachote kwa nani?"

"Chota kwako. Mbona hujaandika habari za yule kijana aliyekuwa anakojoa kitandani mpaka darasa la saba? Na hicho si kichekesho? Nitakushonea mimi mwenyewe hiyo shuka."

Mdogo mtu akatupa jicho mlangoni. "Dada, taratibu. Hayo ni mambo ya ndani."

"Ahaa! Yako yana ndani. Ya Mama yana jukwaa."

Fundi akaegemea meza kwa mikono miwili. "Ulimtazama usoni ukamwambia amesahau. Mama akaanza kujiandikia vikaratasi. Unajua hilo? Alidhani akili zinamtoka, na wewe sweta unalo kwenye mkoba." Mdogo mtu akasema hakuwa na jinsi, angesema nini sasa, na kwamba kesho ratiba imeshapangwa. Ukicheka na nyani utavuna mabua. Fundi alikuwa amecheka na huyu nyani miaka thelathini na minne, na shamba lilikuwa jeupe.

Alishuka kwa fundi sauti, kijana mpole aliyekaa siku nzima ndani ya chumba cha kioo na spika za masikioni shingoni. Huyu hakuficha kitu. Siku ile Fundi hayupo, alisema, ukumbi ulikuwa baridi kabisa, hakuna aliyefungua mlango. Lakini yeye alikuwa na vicheko vya Fundi alivyovihifadhi tangu miaka ya nyuma kwa ajili ya dharura. Akamwonyesha kwenye kompyuta: Kicheko cha Fundi, namba moja mpaka tisa. Alichoweka kwa Bibi Antena ni namba saba.

"Namba saba nilikuwa nacheka nini?"

Kijana akatafuta. "Ile siku Mzee Kelele alichanika suruali kweli, katikati ya kurekodi. Ulikuja kuishona akiwa ameivaa."

Fundi alikumbuka. Walikuwa wamecheka wote siku ile, na aliyechanikiwa ndiye aliyecheka zaidi. Sasa kicheko hicho safi kilikuwa kimebanduliwa na kubandikwa kwenye uso wa mama yake.

"Ni vyangu," alisema. "Vyote tisa. Nirudishie."

"Fundi, mimi naagizwa tu..."

"Sikukuuliza nani anakuagiza. Nimekwambia ni vya nani."

Ijumaa mchana ukumbi ulijaa. Mwigizaji wa Bibi Antena, mama wa makamo mwenye adabu zake, alitoka kwa mpambaji akiwa amevaa sweta. Fundi akakaa mahali pake nyuma ya pazia, pini mdomoni, na mdogo wake akapumua alipomwona pale. Alidhani hasira imepoa. Hakumjua dada yake.

"Mtazamaji, habari za jioni."

"Nzuri, baba! Za huko? Umekula?"

Mwigizaji akasita kidogo, kama alivyofundishwa, kusubiri kicheko. Fundi akanyamaza. Ukumbi nao ukanyamaza. Mtu mmoja alikohoa. Mwigizaji akachukua sahani, akaipeleka kwenye kioo, na kwa kuwa hakuna aliyecheka mwendo wake ukapungua, na ghafla pale jukwaani hapakuwa na kichekesho tena. Palikuwa na mwanamke mzee aliyekosa mtu wa kula naye. Mama mmoja mstari wa mbele akashika kifua. "Masikini," alisema, na ukumbi mzima ukamsikia.

"Kata!" mwongozaji akafoka. "Haidhuru, tutaweka kicheko baadaye. Fundi sauti, weka kile cha juzi!"

Sauti ya kijana ikatoka kwenye spika, nyembamba. "Hakipo, mkuu. Vyote havipo. Mwenyewe alikuja kuvichukua."

Mdogo mtu alikuja nyuma ya pazia amevimba. "Umeniua, Dada! Unaona ulichofanya? Mbele ya mkurugenzi!" Fundi akatoa pini mdomoni, moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, zote, ndipo akajibu.

"Mbele ya mkurugenzi tu. Mama ulimweka mbele ya nchi nzima."

Mwigizaji akawasogelea akilivua sweta. "Mimi niliambiwa limetoka stoo," alisema, na macho yake hayakuwa ya kuigiza. Akamnyooshea Fundi. Fundi hakulipokea.

"Mpe huyo. Alilitoa yeye, atalirudisha yeye. Leo."

Walipanda ngazi za juu ya duka la rangi saa moja kasoro dakika chache, mdogo mtu mbele na sweta kwenye mfuko, Fundi nyuma kama askari. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti chake. Mdogo mtu akapiga goti moja, akamwekea sweta mapajani, akasema samahani, Mama, akaisema tena. Mama akaligeuza sweta, akatazama mabega, akatazama ndani. Palikuwa na doa la mchuzi kwenye mkono. Akalivaa hivyo hivyo, bila kusema amesamehe wala hajasamehe.

"Mtazamaji," msomaji wa habari akasema, "habari za jioni."

Mama akamtazama mwanawe wa kiume, kisha akamtazama Fundi, akipima nani atakayecheka.

"Itikia tu, Mama," mdogo mtu akasema taratibu.

"Nani aitikie? Mmeshanionyesha ninavyoonekana."

Fundi alikuwa amerudisha sweta, amerudisha vicheko vyote tisa, na salamu ya mama yake ilikuwa bado haijarudi. Hasira ikampanda upya mpaka masikioni. Akamgeukia mdogo wake. "Itikia wewe."

"Mimi?"

"Mtu kasalimu nyumbani kwenu. Si wewe mwenye maneno?"

Mdogo mtu akaangalia kioo. Akajipangusa uso kwa kiganja. "Nzuri," alisema.

"Kwa sauti."

"Nzuri, ndugu. Za huko?"

Hakuna aliyecheka. Mama alikuwa akifunga vifungo kutoka chini kwenda juu, mpaka akakifikia kile cha kahawia, akakifunga nacho.

"Umechelewa," alimwambia mwanawe. "Ameshaanza habari nyingine."